Fundi wa Springi Asiyesalimiwa na Jirani

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na Bujiku Masanja yuko tayari chini ya gofu la lori lililolala uani kwake. Kinachoonekana ni miguu miwili yenye makatambuga ya tairi. Sauti inatoka humo chini, sauti ya upole, ya mtu anayesemezana na mwenzake wa siku nyingi.

“Mihayo, sogea kidogo. Hapo hapo. Sasa usinitelezee.”

Mwandishi wa habari hizi anainama kumtafuta huyo Mihayo ili naye amsalimu. Hakuna mtu. Kuna mtaimbo mrefu uliofungwa kwa mnyororo kwenye gogo, unaikandamiza springi ili fundi apate kufungua bolti kwa mikono yake yote miwili.

Bujiku anatoka humo na grisi mpaka kwenye nyusi. Anaona haya kidogo, halafu anacheka.

“Umenisikia? Basi ndiyo hivyo. Hapa mtu ukinyamaza sana, ulimi unashika kutu.”

Bujiku ana umri wa miaka arobaini na kitu. Hicho kitu hata yeye hakijui. Anaishi Bulungila, kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Kazi yake ni moja tu, kubadili springi za malori. Injini haigusi. “Injini ina wenyewe,” anasema. “Mimi nashughulika na mgongo wa gari.”

Springi ni zile bapa za chuma zilizolaliana, ndefu juu na fupi chini, zinazobeba mzigo wote juu ya ekseli. Barabara hii haizihurumii. Masika ni matope, kiangazi ni mashimo, na wenye malori wanapakia magunia kana kwamba chuma hakichoki. Bapa moja ikikatika, lori linaegemea upande kama ng'ombe aliyevunjika mguu, na dereva anaanza kuuliza kwa Bujiku ni wapi.

Kila springi anayobadili humpa shilingi sita. Juma jema huleta malori mawili, na juma baya halileti kitu. “Kodi nalipa, chumvi nanunua,” anasema. “Tatizo langu halikuwa shilingi hata siku moja.”

Kazi aliipata jeshini. Wakati wa vita alichukuliwa Kenya, kisha Burma, akawekwa kwenye karakana ya malori ambako waliharibu na kutengeneza mchana kutwa. Aliporudi mwaka 1946, wenzake walileta mablanketi na saa za mkononi. Yeye alileta jeki ya skrubu aliyoinunua mnadani, nzito hata ikabidi aiviringishe kutoka stesheni kama pipa. Watu wa Bulungila walimcheka mpaka lori la kwanza lilipokatika springi mbele ya mji wake.

Vyombo vyake vimepangwa chini ya kibanda cha nyasi, kimoja kimoja, safi kuliko masufuria ya nyumba nyingi. Kuna jeki. Kuna magogo ya mninga ya kuegemezea chesi, ile fremu ya lori, maana, asema, anayeingia chini ya lori linaloshikiliwa na jeki tupu ameshaagana na mkewe. Kuna spana za kufungulia yuboti, zile bolti zilizopindwa kuikumbatia ekseli. Kuna kibano kikubwa cha skrubu, cha kubanishia bapa zote pamoja kabla ya kutia bolti ya katikati. Na kuna mtaimbo.

“Mtu akiwa na hivi vyote, kazi anaifanya uani kwake, tena vizuri,” anasema. “Hana haja ya kulikokota gari mpaka gereji za mjini.”

Ajabu ni kwamba kila chombo kina jina la jirani. Jeki ni Nkwabi, kwa sababu hainyanyuki upesi lakini ikishanyanyuka haishuki. Mtaimbo ni Mihayo, kwa sababu Mihayo ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote pale walipokuwa wakilima kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho. Wenye majina wenyewe wanaishi hapo hapo, moshi wa mafiga yao unaonekana. Hawajamsalimu Bujiku tangu mwaka juzi.

Bujiku ametengwa na kijiji.

Asiyekuwa wa huku pengine hajui uzito wa neno hilo. Mtu aliyetengwa hasalimiwi wala haitikiwi. Haombi moto kwa jirani akapewa. Akifika kisimani, wengine wanangoja pembeni mpaka aondoke. Ngoma hachezi, pombe hanywi na wenziwe, akilima analima peke yake. Akifiwa, jembe la kuchimba kaburi ni lake mwenyewe. Hakuna anayempiga wala anayemtukana. Bujiku anasema afadhali wangemtukana.

Chanzo chake ni mwano. Katika nchi hii mwano ni ukelele wa hatari, na ukipigwa kila mwanamume huacha alichoshika, huchukua upinde au rungu, hukimbilia unakotokea. Mwenye kula huacha chakula. Mwenye kuoga hukimbia na maji mwilini. Haiulizwi nani anaita wala kwa nini, kwa maana kesho utaita wewe.

Jioni moja mwaka juzi, wakati wa kuvuna pamba, wezi waliingia zizini kwa Mihayo. Mihayo alipiga mwano, na kijiji kizima kikatoka. Ng'ombe wake walivushwa mto gizani wasionekane tena mpaka leo. Wanaume walipohesabiana, mmoja hakuwapo, na wote walijua aliko, maana taa yake ya chemli ilikuwa inawaka uani.

“Nilisikia,” anasema Bujiku. “Sijawahi kukana. Nilisikia sauti ya Mihayo nikaijua.”

Wakati ule alikuwa akirudisha springi ya lori la mchele. Hapo, anaeleza, ndipo pana dakika moja ambayo hakuna chombo kinachotosha, anatakiwa mtu. Springi imeshafungwa upande wa mbele, lakini jicho lake la nyuma halilingani na tundu la chesi. Mmoja anaivuta kwa mtaimbo kwa nguvu zake zote, mwingine anapitisha pini. Mwenye mtaimbo akiachia, springi inaruka, na vidole vya mwenye pini vinabaki humo.

Siku ile mwenye mtaimbo alikuwa Bujiku; mnyororo wa kuufunga alianza kuutumia alipokosa jirani. Mwenye pini alikuwa Onesmo, utingo wa lile lori, na pini ilikuwa imekwama nusu kwa kutu. Mpaka ilipoingia, kelele za mwano zilikuwa zimeshavuka kilima. Bujiku alichukua upinde akakimbia, akakutana na wenzake wakirudi.

Onesmo sasa anafanya kazi Geita. Vidole vyake vyote anavyo.

Mwandishi alikwenda kumuuliza Nkwabi, ambaye ndiye nsumba ntale, yaani mkuu wa vijana wa kijiji na msimamizi wa adhabu za namna hiyo. Ni mtu mpole, mwenye kutafuta maneno yake kabla ya kuyatoa.

“Hatumchukii,” alisema Nkwabi. “Tulimwambia alete dume, tuchinje, tule, aseme mbele ya watu kwamba alikosa. Basi, yaishe. Yeye anasema hakukosa, eti alikuwa ameshika chuma. Bwana mwandishi, chuma hakifi. Ng'ombe wanakwenda, chuma kiko pale pale. Kingengoja.”

“Na yule utingo aliyekuwa na vidole ndani?”

“Mtu wa barabara yule. Alipita. Sisi vidole hatukuviona, tulichoona ni zizi tupu.”

Mihayo mwenyewe, pande la mtu, alikuwa akishona magunia ya mchele mbele ya nyumba yake. Alimkaribisha mwandishi kwa togwa na maneno mengi ya furaha. Bujiku alipotajwa, aliinamia sindano.

“Mimi na mtu huyo hatuna maneno,” alisema, akaendelea kushona.

Linalouma ni kwamba dume lipo. Ni jekundu, limenona, Bujiku alilinunua mwezi ule ule wa hukumu. Kila asubuhi analichunga mwenyewe kando ya barabara, na kijiji kizima kinaliona.

“Ng'ombe ninaye,” anasema. “Neno ndilo sina. Niseme nilikosa nini? Kwamba sikumkata mtoto wa watu vidole?”

Mkewe, Paskazia, alivumilia msimu mmoja. Ni Mzinza wa Chato, mcheshi, wa kuimba akitwanga. Alipokwenda kisimani wanawake walinyamaza, alipowasha moto aliuwasha peke yake, na binti yao Melania akawa anacheza na kuku. Siku moja alifunga mizigo. Hakugombana na mumewe. “Aliniambia, ‘Baba Melania, siwezi kulea mtoto mahali pasipopigwa hodi. Siku watu watakapokusalimu nitumie habari, nitakuja hata kwa miguu.’”

Bujiku anasimulia hayo huku akipangusa spana ambayo haina uchafu.

Waliobaki kuzungumza naye ni madereva, kwa kuwa marufuku ya kijiji haiwahusu wageni. Madereva wa njia hii wana utani wao, wanauita nati ya mwisho ya Bujiku. Springi nzima ataifunga kwa saa chache, lakini nati ya mwisho inaweza kuchukua muda wa kuiva maharage. Anaikaza, anailegeza, anauliza bei ya chumvi Kahama, anaikaza tena, anauliza mvua ya Geita. Wanamjua, wanamwacha. Ni nadra dereva kumhimiza.

“Ukikaa njiani utajua,” anasema Valerian, dereva Mhaya anayepita hapa kila juma. “Mzee huyu hatuuzii springi tu. Anatuuzia springi, ananunua maneno kwetu.”

Valerian ndiye aliyefika siku hiyo mchana, na namna alivyofika ndiyo iliyofanya habari hii iandikwe hivi ilivyo.

Alitoka Kahama na lori lenye mzigo, akasimama Bulungila kupakia watu wa kijiji waliokuwa wakipeleka mchele kuuza kwa wachimbaji wa Geita. Alikuwamo Nkwabi. Alikuwamo Mihayo na mkewe Mbuke, na magunia yao yote ya msimu, ambayo, kama Mbuke alivyomwambia mwandishi mapema, yalikuwa ya kununulia mitamba. Zizi lilikuwa limekaa tupu vya kutosha. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, lakini nani huku anaogopa mawingu ya mwisho wa masika?

Lori halikufika hata kijitoni. Springi ya nyuma kulia ilikatika kwa mlio uliosikika kijiji kizima, na Valerian akalirudisha taratibu, likichechemea, mpaka uani kwa Bujiku.

Abiria walishuka bila kusema neno. Walishusha magunia kulipunguzia gari uzito, wakayapanga kando ya barabara, wakaenda kukaa mbali kidogo wakimpa mgongo mwenye ua. Bujiku hakuwatazama. Aliweka kabari kwenye magurudumu, akapandisha jeki, akaegemeza chesi juu ya magogo, akafungua yuboti. Bapa iliyokatika aliitoa, akatia ile aliyoing'oa asubuhi kwenye gofu, akabana zote kwa kibano, akatia bolti ya katikati. Mikono yake ilikwenda upesi, na mdomo wake, uliokuwa ukisema na vyuma asubuhi, ulikuwa umefungwa kabisa.

Utingo wa Valerian alikuwa ameachwa Kahama na homa, kwa hiyo Valerian mwenyewe ndiye aliyeingia chini kupitisha pini. Mtaimbo ulifungwa kwa mnyororo kwenye gogo kama siku zote.

“Mzee Bujiku, mkaze Mihayo kidogo!” Valerian aliita kutoka chini, kwa mazoea.

Kule kwa abiria, Mihayo mwenye jina aligeuza kichwa.

Ndipo pete ya mnyororo ilipokatika. Bujiku aliurukia mtaimbo, akaulalia kwa kifua kabla haujapanda. “Usitoe mkono!” alipiga kelele. “Usitoe!” Valerian hangeweza kuutoa hata kwa kutaka. Vidole vyake vya kulia vilikuwa nyuma ya jicho la springi, na pini imekwama nusu. Akawa anaigonga kwa nyundo ya mkono wa kushoto, vibaya vibaya, kama mtoto anayejifunza.

Mwandishi naye alijitupa juu ya mtaimbo. Uzito wa mtu wa kalamu haukuleta tofauti kubwa. Udongo ulikuwa laini, makatambuga ya Bujiku yakaanza kuteleza inchi kwa inchi, na mtaimbo ukaanza kupanda.

Bujiku hakuita mtu. Mtu aliyetengwa haiti, kwa kuwa anajua hataitikiwa. Aliuma meno tu, na machozi yakamtoka ya nguvu au ya kitu kingine, mwandishi hakuuliza.

Mkono mkubwa ulishika mtaimbo kati ya mikono yake. Kisha mwingine. Alikuwa Mihayo. Aliweka miguu, akashusha uzito wake wote, na chuma kikarudi chini; mwandishi akawapisha.

Mvua ikaanza saa hiyo hiyo, matone makubwa, kisha mvua kweli. Abiria walikurupuka kwenye magunia yao, huyu anavua shuka, yule anavuta turubai, kila mtu na mchele wake. Mbuke alibaki na magunia yote ya nyumba yake, akivuta moja huku mengine yakinyeshewa.

“Baba Thobias!” alimwita mumewe. “Mchele unaloa! Baba Thobias, njoo!”

Mihayo aligeuza shingo. Mwili haukugeuka. Aliutazama mtaimbo, akautazama mkono wa Valerian uliopotelea ndani ya chuma, akamtazama tena mkewe.

“Mihayo!” Nkwabi naye aliita, amekumbatia gunia lake. “Hebu acha hicho chuma, uje uokoe mali yako!”

“Siwezi!” Mihayo alijibu kwa sauti iliyopasuka. “Nitamkata mtu!”

Mvua ilipiga migongo yao, wawili waliolalia mtaimbo mmoja, mabega yamegusana. Chini ya gari nyundo ilisikika ikikosa, ikipata, ikikosa. Mpaka pini iliposikika ikiingia na Valerian akavuta mkono wake, mzima, akauinua watu wauone, gunia la mwisho la Mihayo lilikuwa halijaguswa na mtu.

Mihayo aliachia. Alisimama akifungua na kufunga viganja vyake kana kwamba havikuwa vyake. Marufuku ilikuwa bado marufuku, na yeye ni mtu wa kuishika. Kwa hiyo alimgeukia dereva.

“Dereva, muulize huyu. Siku ile ilikuwa hivi?”

Bujiku alikuwa hatua moja kutoka kwake, amesikia kila herufi. Valerian aliwatazama wote wawili, akaelewa, akauliza kama alivyoagizwa.

“Anauliza kama siku ile ilikuwa hivi.”

“Mwambie,” Bujiku alisema, na ilibidi aanze tena. “Mwambie ilikuwa hivi.”

Mihayo aliitikia kwa kichwa. Alitembea polepole kwenye mvua kwenda kwa mkewe, na safari hii Nkwabi na wengine walimfuata kuyanyanyua magunia. Mawili yalikuwa yameloa kabisa, na moja lilikuwa limepasuka. Hawakuyapakia tena.

Nati ya mwisho siku hiyo Bujiku aliikaza upesi, bila kuuliza bei ya chumvi. “Mchele wa watu unangoja,” alisema tu.

Kabla lori halijaondoka, mwandishi alimuuliza atafanya nini sasa. Bujiku alikaa juu ya gogo, mtaimbo umelala magotini pake.

“Baraza la vijana linakaa baada ya mavuno ya pamba. Nitalipeleka dume.”

“Na lile neno?”

“Nimeliona leo.” Alielekeza kidole barabarani, ambako gunia lililopasuka lilikuwa limeacha mchele mweupe kwenye matope. “Yule amepoteza mali yake mbele ya macho yangu, na mimi nilitaka kumwambia kitu, kikanijia mdomoni chenyewe. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile ya ng'ombe sikukisema. Miaka miwili nimewaambia watu habari za vidole. Mihayo nilikuwa sijamwambia pole.”

Alisema atasimama barazani aseme hilo tu. Wakiliona halitoshi, atarudi uani kwake. Hajui kama litatosha. Nkwabi, alipoulizwa akiwa ameshapanda garini, alisema baraza ni baraza na yeye ni mmoja, kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba lile dume limenona sana.

Valerian aliwasha gari. Anajuana na madereva wa Chato, na huwabebea watu salamu. Bujiku alimfuata mpaka dirishani, mkono juu ya mlango.

“Nimtumie Mama Melania neno gani, mzee?” aliuliza Valerian. “Nimwambie aje?”

“Hapana, usimwambie aje. Sijasalimiwa bado.” Bujiku alifikiri, mvua ikimchuruzika puani. “Mwambie leo nimeulizwa swali.”